Kuchagua bedilaina ya pikapu: anza na mzigo, kisha fuata njia ya maji

Rangi ya kiwandani kwenye bodi ya pikapu, yaani sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo, ni nyembamba mno. Ukijumlisha tabaka zote, kuanzia praima iliyoshika chuma hadi ile ya juu inayong'aa, kwa kawaida hupati hata robo ya milimita. Pembe ya tofali au ncha ya nondo ikiburutwa mara moja inatosha kufika kwenye chuma, na kuanzia hapo kazi inabaki kwa maji.

Bedilaina, yaani kitu cha kufunika au kupaka ndani ya bodi ili kuikinga, hununuliwa ili kuzuia hilo. Lakini ipo bedilaina inayoozesha bodi upesi kuliko bodi iliyoachwa wazi. Bodi iliyo wazi hukaushwa na jua na upepo, na mwenye gari akiuona mchubuko huuwahi. Iliyofunikwa vibaya hukaa na tope na unyevu pasipoonekana, na siku ukifunua unakutana na matundu. Kwa hiyo hapa sitapanga aina za bedilaina kuanzia bora hadi mbaya. Jua kwanza unabeba nini, bodi yako ina hali gani na maji yatapita wapi. Ukishayajua hayo, kwa kawaida utakuwa umebaki na chaguo mbili tu mkononi.

Hatua ya 1: Orodhesha mizigo unayobeba kweli

Usihesabu mzigo ambao huenda ukaubeba siku moja. Hesabu uliobeba miezi michache iliyopita. Kwa kila mzigo jiulize unaiumizaje bodi: unagonga, unakwaruza, unateleza au unavuja?

Mawe, matofali, magogo na mapipa hugonga. Hapa unahitaji kitu chenye unene wa kusambaza pigo ili bati la sakafu lisibonyee. Mabomba, nondo na vyuma chakavu hukwaruza, na kwa hivyo vinataka kitu kigumu kilichoshikamana na bodi. Friji, makabati, masanduku ya vifaa na mashine ndogo huteleza: gari likifunga breki mzigo unakwenda mbele, likipanda mlima unarudi kugonga mlango wa nyuma. Hapa dawa ni mpira unaoshika, na plastiki laini ndiyo adui. Mafuta, mbolea ya chumvichumvi na tindikali ya betri huvuja, na kila nyenzo ina kinachoishinda.

Mchanga, kokoto na samadi viandikwe peke yake, kwa sababu hutolewa kwa sepetu. Sepetu inataka sakafu isiyo na nyuzi wala mikunjo ya kunasa ncha yake. Watu husahau hili, wakanunua kitu kizuri ambacho kila wakipakua kinawapotezea muda.

Kama kazi yako inakulazimu kupiga magoti ndani ya bodi kutwa nzima, kufunga kamba au kutafuta vifaa, liandike hilo pia. Sakafu yenye chembechembe kali humaliza suruali na ngozi ya magoti.

Hatua ya 2: Ikague bodi kabla ya kukagua bidhaa

Chukua sumaku ndogo uiguse kwenye sakafu ya bodi. Ikinasa, hiyo ni chuma, na mwongozo wote huu unakuhusu. Isiponasa, huenda bodi ni ya alumini, kama Ford F-150 kuanzia toleo la 2015, au ni ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, kama Toyota Tacoma kuanzia toleo la 2005 na Honda Ridgeline tangu ilipoanza kutengenezwa. Alumini haishiki kutu jekundu kama chuma, lakini hubonyea, na huliwa pale inapogusana na bolti za chuma mahali penye unyevu wa chumvi. Bodi ya nyuzi za kioo haina haja ya kukingwa na kutu hata kidogo. Mwenye gari kama hilo anahitaji kitu cha kuzuia mzigo usiteleze, na mati ya mpira humtosha.

Kwa bodi ya chuma, fagia, osha, acha ikauke, kisha tafuta kutu. Angalia pembe za mbele karibu na kabini, mstari wa kulehemu unaounganisha sakafu na kuta, bawaba za mlango wa nyuma, na kuzunguka vichwa vya bolti zinazoshikilia bodi kwenye chesisi. Ingia chini ya gari pia, kwani kutu nyingi huanzia huko tope linakorushwa na magurudumu. Ukiona rangi imevimba, ibonyeze kwa bisibisi. Ikiwa chuma ni kigumu, ni kutu ya juu tu, itaondolewa kwa msasa. Bisibisi ikizama, unahitaji fundi wa kulehemu kabla ya fundi wa bedilaina.

Kama gari ni la mtumba na tayari lina bedilaina ya plastiki, itoe uone kilicho chini kabla ya kuamua lolote. Ningeshauri hata uitoe kabla ya kulinunua gari, muuzaji akiruhusu. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Hatua ya 3: Zijue aina, na kasoro ya kila moja

Plastiki ya kudumbukiza. Hii ni karai moja kubwa la poliethilini nzito, limefinyangwa kufuata umbo la bodi. Unaliingiza, unalibana, umemaliza. Sifa yake kubwa ni kupokea pigo: kwa kuwa haikushikamana na bati, pigo la jiwe husambaa kwenye plastiki kabla ya kufika chini. Kwa mtu wa mawe na matofali, hapa inaipita hata ile ya kupuliza. Tena inatoka, na ikipasuka unaweka nyingine.

Ubaya wake unatokana na hukohuko kutoshikamana. Gari likitembea, plastiki hutikisika. Vumbi na mchanga huingia chini yake, na kila mtikisiko husugua rangi kama msasa. Kisha mvua inapita kingoni na kukaa kwenye mchubuko huo, gizani, bila hewa. Baadhi hufungwa kwa skrubu zinazotoboa ukuta wa bodi, na kila tundu hilo ni mlango mpya wa kutu. Ukiichagua hii, tafuta inayobanwa kwa klipu au kwa kulabu za kufungia kamba zilizopo tayari. Kama hakuna budi kutoboa, kila tundu lipakwe praima ya zinki na kuzibwa kwa silikoni kabla skrubu haijaingia. Wala usithubutu kuiacha bila kubanwa: bodi ikiwa tupu, upepo wa barabara kuu unaweza kuinyanyua na kuitupa nje, na nyuma yako kuna watu.

Ipo inayofunika hadi juu ya ukingo na ipo inayoishia chini yake. Ya kwanza hukinga ukingo usichubuliwe na mbao zinazoegeshwa. Ya pili huacha nafasi ya kufunga kanopi au turubai la kubana. Amua mapema, kwa maana ukishaweka ya kwanza kanopi nyingi hazikai sawasawa. Na hakikisha imetengenezwa kwa modeli yako hasa. Pikapu ya jina moja, ya kabini moja na ya kabini mbili, huwa na bodi za urefu tofauti. Inayopwaya ndiyo inayosugua zaidi.

Plastiki hii pia huteleza, hasa ikilowa. Mwenye mizigo ya masanduku ataishia kununua mati ya mpira ya kuweka juu yake.

Ya kupuliza. Hapa fundi huchanganya vimiminika viwili kwenye bunduki ya kupulizia, vikagandamana na kuwa ngozi ngumu iliyoshika bodi moja kwa moja. Nyenzo ni poliurethani, poliurea au mchanganyiko wake. Maji hayana pa kupita chini yake ikiwa kazi imefanywa vizuri, na sharti hilo ndilo limebeba kila kitu.

Bidhaa ikiwa nzuri kiasi gani, haishiki kwenye rangi inayong'aa, yenye nta, au yenye mabaki ya silikoni. Rangi lazima ipigwe msasa hadi mng'ao wote uishe, ifutwe kwa kemikali ya kuondoa mafuta, na ikauke kabisa. Unyevu ni hatari kwa namna ya pekee: poliurethani ikikutana na maji kabla haijakauka hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na utaona mapovu na vitundu. Poliurea huvumilia unyevu zaidi na huganda kwa sekunde chache, lakini inahitaji mashine ya joto na shinikizo kubwa. Ukiona fundi anapulizia kwa bunduki ndogo ya hewa ya kawaida, jua hiyo si poliurea ya moto, hata kama ndivyo alivyoiita.

Unene wa kudai ni takribani milimita 3 kwenye sakafu na karibu 2 kwenye kuta. Kuna kipimo cha mkononi kinachosoma unene wa rangi juu ya chuma. Fundi makini anacho na atakupimia mbele yako. Uliza pia kama nyenzo ni ya aromatiki au ya alifatiki. Ya aromatiki ni nafuu na ngumu, lakini mionzi ya urujuanimno ya jua huifubaza: nyeusi huelekea kijivu, na uso huwa kama una chaki. Nguvu yake haipungui sana kwa hilo. Ya alifatiki hutunza rangi. Kama gari linalala nje na unajali sura yake, omba tabaka ya juu iwe ya alifatiki.

Kasoro zake ni tatu. Haiondoki: kuibandua ni kazi ya siku nzima ya kukwangua. Haizuii bati kubonyea chini ya pigo zito, maana yenyewe hubonyea pamoja nalo. Na hufunika kutu kama itapuliziwa juu ya kutu, bodi ikaendelea kuliwa chini huku juu panapendeza.

Ya kupaka mwenyewe kwa rola au brashi. Inauzwa kwenye kopo, ina chembe za mpira ndani, na mtu anaweza kuifanya mwenyewe. Sina neno nayo, ila fanya hesabu kabla ya kununua kopo. Chukua bodi ya urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1.5 na kina cha nusu mita. Sakafu ni mita za mraba 2.25, kuta mbili za pembeni 1.5, ukuta wa mbele 0.75 na mlango wa nyuma 0.75. Jumla ni 5.25. Lita moja ikitandazwa kwenye mita moja ya mraba hutoa unene wa milimita moja ikiwa mbichi. Kopo la lita 4 basi litakupa kama robo tatu ya milimita, na kimiminika kikishakauka unapungua tena. Hiyo ni rangi nene kidogo, haiwezi kuitwa ngao. Kwa mizigo myepesi inatosha. Kwa kokoto, hesabu makopo mawili au matatu na upake tabaka baada ya tabaka, kila moja ikisubiri muda ulioandikwa kwenye kopo.

Mati ya mpira. Kwa maoni yangu ndicho kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote, na ndicho chenye faida ya uhakika kwa watu wengi zaidi. Mpira mnene wa milimita 8 hadi 10 hushika mzigo usiteleze, hupokea pigo vizuri, na hunyanyuliwa kuoshwa. Kuta haukingi. Uzito wake ujue: kipande cha mita 1.5 kwa 1.5 chenye unene wa milimita 10 ni kama kilo 27, na kilo hizo zinatoka kwenye mzigo unaoruhusiwa kubeba. Chagua yenye vinundu au mifereji upande wa chini, ili maji yapite na hewa iingie. Iliyo bapa chini hubana unyevu. Mpira wa kawaida huvimba na kulainika ukiloweshwa petroli au oili mara kwa mara. Anayebeba mafuta atafute wa nitraili.

Zulia la polipropilini ni la wenye vifaa, mizigo inayochubuka na magoti yanayouma. Halifyonzi maji na halioti ukungu kirahisi. Kwa mchanga na samadi usilifikirie.

Bati la alumini lenye vinundu, linalokatwa na fundi na kufungwa kwa bolti, hustahimili sepetu na vyuma kuliko vyote, lakini hupiga kelele na huteleza. Kati ya alumini na chuma cha bodi weka utando wa mpira na ufunge kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, na sehemu za kugusana zizibwe, vinginevyo moja italiwa.

Hatua ya 4: Linganisha, kisha amua

Gari likiwa jipya au bodi haina kutu, na mizigo ni ya kuchanganya, pulizia kisha weka mati ya mpira juu. Fedha zikitosha kimoja tu, angalia orodha yako: kama mizigo mingi inateleza, anza na mati, kama inakwaruza hadi kutani, anza na kupulizia.

Gari likiwa na kutu, fedha ya kwanza iende kwenye kutu. Ikwanguliwe hadi chuma king'ae, ipakwe praima ya epoksi au ya zinki, kisha rangi. Baada ya hapo mati inatosha. Plastiki ya kudumbukiza usiiweke juu ya bodi iliyowahi kuoza.

Plastiki ninaikubali kwa mtu mmoja: anayebeba mawe na matofali kila siku, na ambaye yuko tayari kuitoa mara kwa mara kuosha chini. Kama hujioni ukifanya hivyo, iache.

Hatua ya 5: Mhoji fundi wa kupulizia

Mwombe akuonyeshe gari alilolifanyia kazi mwaka mmoja au zaidi uliopita. La jana halikufundishi kitu. Pitisha kucha kwenye kingo. Zikinyanyuka, msasa haukupigwa vya kutosha. Tazama mstari wa mwisho wa nyenzo chini ya ukingo. Mafundi wazuri hutumia utepe wenye waya mwembamba ndani yake, unaokata nyenzo kabla haijaganda na kuacha mstari ulionyooka.

Muulize atafanya nini na bolti za bodi. Kwenye pikapu nyingi, bodi hunyanyuliwa siku pampu ya mafuta au tangi vinapotaka kutengenezwa. Bolti zilizozikwa chini ya milimita 3 za poliurea zitamtesa fundi na zitakugharimu wewe. Zifunikwe kwa vizibo wakati wa kupulizia. Kulabu za kamba na mlango wa nyuma vifunguliwe na kupuliziwa pembeni, visizungukwe tu kwa karatasi. Na matundu ya kutoa maji yabaki wazi: hili lisemwe kwa mdomo, kisha likaguliwe kwa macho.

Mwangalie pia amevaa nini. Vimiminika hivi vina isosayaneti, inayoweza kuanzisha pumu ya kudumu kwa anayeivuta. Mwili ukishaikataa, hata kiasi kidogo baadaye huleta shambulio. Mpuliziaji anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Wewe na watoto msisimame karibu. Nyingi ya zile za kupaka mwenyewe nazo zina kemikali hiyo, kwa hiyo paka nje penye hewa, na glavu mkononi. Anayepulizia akiwa amejifunga kitambaa puani hajali mapafu yake, na sidhani atajali msasa wa bodi yako.

Hatua ya 6: Jambo la petroli, lisirukwe

Mwaka 1998 NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ilitoa onyo kuhusu mioto iliyotokea watu wakijaza petroli kwenye vyombo vilivyowekwa ndani ya pikapu zenye bedilaina ya plastiki, au juu ya zulia la gari. Chanzo ni umeme tuli. Petroli ikitiririka huzalisha chaji kwenye chombo. Chombo kikiwa ardhini, chaji hushuka ikapotea. Kikiwa juu ya plastiki au zulia, haina pa kushukia. Hujikusanya, kisha cheche huruka kati ya chombo na pua ya pampu, palepale penye mvuke. Dumu la chuma ni hatari zaidi, ila la plastiki nalo haliko salama.

Vyovyote utakavyochagua, dumu lishushwe chini kabisa, liwe mbali na gari, na pua ya pampu iguse mdomo wa dumu muda wote wa kujaza. Mwambie na kila dereva unayemkabidhi gari.

Hatua ya 7: Siku za mwanzo na matunzo

Iliyopuliziwa inaweza kuguswa mapema, lakini mzigo mzito usubiri siku mbili tatu, au muda alioutaja mtengenezaji. Kabla hujaondoka, mwaga ndoo ya maji karibu na kabini na utazame. Maji yafike kwenye matundu na yatoke. Yakisimama kwenye pembe, rudisha gari siku hiyohiyo.

Mchubuko uliofika kwenye chuma uzibwe mapema kwa nyenzo ya kurekebishia ya aina ileile. Usipake nta wala mafuta ya kung'arisha yenye silikoni, kwa sababu siku ukihitaji kiraka hakitashika.

Mati na plastiki vitolewe kila baada ya miezi michache, na mara moja baada ya kubeba mbolea, chumvi au samadi. Fagia mchanga kwanza, ndipo uoshe. Ukianza na maji unausukumia kwenye maungio. Pitisha kijiti kwenye kila tundu la maji. Acha bodi ikauke wazi hadi pembe zote ziwe kavu ukizigusa, kisha rudisha mati, vinundu vikitazama chini.